Homosisteini imepanda, je mishipa ndo inaziba? Asidi amino, inflamesheni na magonjwa ya plaki

Siku hizi maabara nyingi za mijini zinauza vipimo kwa kifurushi, unatoa damu mara moja unarudishiwa karatasi ndefu, na kwenye hiyo karatasi kuna mstari umeandikwa homosisteini. Mtu anakuta 18 wakati pembeni wameandika kawaida ni 5 mpaka 15, anashtuka, anaingia mtandaoni anasoma kwamba hii kitu inachubua mishipa, inaleta kiharusi, inaleta Alzaima, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na kesho yake ashanunua chupa ya vitamini kwa hela ambayo ingelipa bili ya umeme ya miezi kadhaa. Maswali ya aina hii yanatufikia sana kwenye taasisi yetu, ndo maana tumeona tuliongelee kwa kirefu, kwa sababu ndani yake kuna ukweli mwingi tu ila unaouzwa huko nje ni nusu.

Tuanze na asidi amino zenyewe. Protini yoyote mwilini, iwe ya msuli, ya nywele au ya damu, ni mnyororo wa asidi amino, ziko 20 za kawaida na zimepangwa kama shanga kwenye uzi, na ule mpangilio ndo unaamua protini itajikunja vipi na itafanya kazi gani. Huku kwetu mfano tunaoujua vizuri kwa uchungu ni selimundu: kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini, nafasi ya 6, panatakiwa kukaa glutamati pamekaa valini. Moja tu imebadilika, na mtoto anaishi na maumivu maisha yake yote. Kwahiyo mtu akikuuliza kama asidi amino zinahusika na magonjwa, jibu ni ndio kabisa, ila inabidi umuulize unaongelea asidi amino ipi na iko wapi, kwa sababu iliyomo ndani ya protini, inayoelea kwenye damu na ile inayoliwa na bakteria wa utumboni kila moja ina habari yake.

Homosisteini iko kwenye kundi la zinazoelea kwenye damu. Hailiwi, haipo kwenye sahani yako, inatengenezwa na mwili kutokana na methionini ambayo tunaipata kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa na kwa kiasi kidogo kwenye maharage. Methionini ikishatumika inaacha homosisteini, na mwili una njia mbili za kuiondoa: ama inarudishwa kuwa methionini tena kwa msaada wa foleti (ndo ileile foliki, na kwenye vidonge inaitwa asidi foliki) na vitamini B12, ama inageuzwa kuwa sisteini kwa msaada wa vitamini B6. Ukikosa hizo vitamini, au figo zikichoka, au tezi ya shingoni ikilegea, au ukiwa mvutaji wa sigara, inapanda. Hapo ushaona kitu muhimu, kwamba ile namba kwenye karatasi inaweza kupandishwa na mambo mengi tofauti na mengine hayana uhusiano wowote na ulaji wako wa nyama.

Sasa nani alisema inaharibu mishipa? Mwaka 1962 watafiti wa Belfast kule Ireland Kaskazini, na wengine wa Wisconsin Marekani bila kushirikiana nao, waligundua watoto ambao mkojo wao umejaa homosistini, yaani homosisteini mbili zilizoungana, watoto wenye matatizo ya akili, lenzi za macho zimehama mahali pake, na damu inaganda hovyo. Ni ugonjwa wa kurithi, wa nadra sana. Alafu akaja daktari mmoja wa patholojia wa Harvard anaitwa Kilmer McCully, akachimbua faili la mtoto wa miaka 8 mwenye ugonjwa huohuo aliyefariki kwa kiharusi mwaka 1933, akaangalia mishipa yake, akakuta imekakamaa kama ya mzee. Angeishia hapo angesema ni huo ugonjwa tu, lakini akapata na kesi ya kichanga cha miezi 2 ambacho kasoro yake ya kimeng'enya ilikuwa nyingine kabisa, ya upande wa B12, na mishipa imeharibika vilevile. Kasoro mbili tofauti, kitu pekee kinachowaunganisha ni homosisteini kuwa juu. Akaandika mwaka 1969 kwamba hii asidi amino yenyewe ndo inajeruhi mishipa, na kwamba pengine hata watu wazima wa kawaida wenye kiwango kilichopanda kidogo wanaathirika taratibu.

Kipindi hicho dunia nzima ya moyo ilikuwa imeelekea kwenye kolesteroli na hakusikilizwa, mwishoni mwa miaka ya 1970 akapoteza nafasi yake pale. Mimi binafsi namheshimu sana yule mzee kwa jinsi alivyofikiri, kuona kitu kimoja kinachofanana kwenye watoto wawili wasiofanana ni kazi ya jicho kali.

Lakini hii ya kutafuta kosa kwenye protini na asidi zake haikuanza na yeye. Mwaka 1908 Mrusi mmoja, Ignatowski, aliwalisha sungura nyama, mayai na maziwa, mishipa yao ikajaa plaki, yaani uvimbe wa mafuta kwenye ukuta wa mshipa, akasema ni protini ya wanyama. Mwaka 1913 Mrusi mwingine, Anitschkow, akawapa sungura kolesteroli peke yake iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya mimea na plaki zikatokea zilezile. Kwahiyo kilichokuwa kinawaumiza wale sungura kilikuwa kolesteroli iliyomo kwenye mayai, protini ilikuwa imebambikiwa kesi. Naileta hii habari kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaacha maharage na samaki wakiamini protini inaziba mishipa.

Turudi kwa McCully. Miaka ya 1980 na 1990 tafiti nyingi zikaonyesha kweli watu wenye homosisteini ya juu wanapata shambulio la moyo na kiharusi zaidi, na vitamini za bei rahisi zinaishusha vizuri tu, kwahiyo kila mtu akaona hapa tumepata dawa ya moyo ya bei ya pipi. Yakafanyika majaribio makubwa. Mwaka 2006 yakatoka mawili kwa mpigo: la kwanza linaitwa HOPE-2, watu 5,522 wenye ugonjwa wa mishipa au kisukari, nusu wakapewa asidi foliki, B6 na B12 kwa miaka 5 hivi, nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. La pili NORVIT la Norway, watu 3,749 waliokuwa wametoka kupata shambulio la moyo. Homosisteini ilishuka. Vifo vya moyo na mashambulio havikushuka, na kule Norway waliopewa mchanganyiko wote wa vitamini walionekana hata kuelekea pabaya kidogo.

Hapa naomba usome taratibu. Kushusha namba kwenye karatasi ya maabara na kumkinga mtu na ugonjwa ni vitu viwili. Homosisteini kwa mtu mzima wa kawaida inaelekea kuwa ni mwenzake na ugonjwa zaidi kuliko kuwa mwenye kosa peke yake, inapanda kwa sababu figo zimechoka, mtu anavuta sigara, hapati chakula kizuri, amezeeka, na hivyohivyo ndo vinaharibu mishipa.

Kwenye kiharusi ndo kuna kitu cha tofauti na ni lazima nikiseme, nikiacha nitakuwa nimedanganya. HOPE-2 yenyewe ilionyesha viharusi vimepungua kidogo, na mwaka 2015 jaribio kubwa la China lenye watu 20,702 wenye presha lilionyesha kwamba waliopewa enalaprili, dawa ya presha, pamoja na asidi foliki ya miligramu 0.8 walipata kiharusi cha kwanza asilimia 2.7, na waliopewa enalaprili peke yake asilimia 3.4. Tofauti sio kubwa sana kwa mtu mmoja, lakini ipo. Wale watu walikuwa wanaishi sehemu ambazo unga hauongezewi foliki, wengi walikuwa na upungufu wa kweli, na ukimpa mwenye upungufu kitu alichokosa anafaidika, ukimpa aliyeshiba tayari unaongeza mkojo wa njano tu. Tanzania ina kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga tangu 2011, lakini anayesaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani, na ndo wengi vijijini, hiyo foliki haimfikii, anaitegemea kwenye mchicha, matembele, kunde na maharage. Na hapa niseme, mboga ukizichemsha mpaka zikabadilika rangi alafu ukamwaga maji yake, umeimwaga na foleti.

Haya, kama sio homosisteini peke yake, plaki inatengenezwaje? Watu wengi wana picha ya mafuta yanayoganda ndani ya bomba, na hiyo picha imeleta madhara makubwa maana ukuta wa mshipa uko hai. Chembe za kolesteroli mbaya zinapenya chini ya ngozi ya ndani ya mshipa, hasa pale presha inapopiga au moshi wa sigara ulipochubua, zikifika kule zinaharibika, na mwili unaziona kama adui. Seli nyeupe zinaitwa, zinaingia, zinazimeza mpaka zinajaa mafuta na kufia humohumo, zinaita na wenzake. Hiyo ndo inflamesheni, ni uleule moto unaouona kidonda kikiwa chekundu, kimevimba na kina joto, ila huu uko ndani, hauumi, na unaweza kuwaka miaka 20 bila wewe kujua. Juu yake mwili unafunika na kifuniko cha nyuzi. Siku kifuniko kikichanika, damu inaganda pale ndani ya dakika, na hapo ndo mtu anashika kifua.

Homosisteini inaingia wapi kwenye huu moto? Kwenye maabara, ukiiweka kwa wingi kwenye seli za ukuta wa mshipa inapunguza nitriki oksaidi ambayo ndo inaufanya mshipa utanuke, na inazifanya zile seli zivute seli nyeupe zaidi. Kwahiyo kuchangia inachangia. Ila kwamba inflamesheni yenyewe ndo kitu cha kushika, ushahidi wake ulikuja 2017, kwenye jaribio la CANTOS lililoongozwa na Paul Ridker wa Boston. Watu 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo na ambao damu yao ilikuwa bado inaonyesha dalili ya inflamesheni, walipewa sindano ya kanakinumabu inayozuia kiashiria kimoja tu cha moto kinaitwa intalukini-1 beta. Kolesteroli haikuguswa, haikubadilika. Na matukio ya moyo yakapungua kwa asilimia 15 kwa waliopata dozi ya miligramu 150. Mimi naliona lile kama moja ya majaribio mazuri kuliko yote ya miaka hii maana lilitenganisha moto na mafuta, likaonyesha moto peke yake una kesi ya kujibu.

Ila dawa yenyewe ni ghali mno, na waliopewa walikufa zaidi kwa maambukizi, kitu ambacho kwenye nchi zetu zenye kifua kikuu ni hatari kubwa. Baadae kolchisini, dawa ya zamani ya gauti ya bei nafuu, ikajaribiwa: mwaka 2019 kwa watu 4,745 ikapunguza matukio kwa asilimia 23, 2020 kwa wengine 5,522 ikapunguza kwa asilimia 31, Marekani ikaipitisha 2023, alafu 2024 jaribio kubwa zaidi la watu zaidi ya 7,000 likatoka bila faida yoyote. Na methotreksati, ambayo nayo inazima inflamesheni kwa wagonjwa wa baridi yabisi, haikusaidia moyo hata kidogo. Kwahiyo mtu akikwambia chai yake au poda yake inaondoa inflamesheni mwilini, muulize ipi, maana hata wenye dawa za kweli inflamesheni ya moyo imewasumbua.

Upande wa ubongo habari inageuka. Plaki za Alzaima hazina mafuta, ni protini. Alois Alzheimer aliziona 1906 kwenye ubongo wa mama mmoja wa Ujerumani, lakini zimetengenezwa na nini ikaja kujulikana 1984 pale George Glenner na mwenzake wa San Diego waliposoma mpangilio wa asidi amino zake. Ni kipande kifupi, asidi amino 40 au 42, kimekatwa kutoka kwenye protini kubwa, na hicho cha 42, kilichozidi mbili tu mwishoni, ndo kinapenda kunata na kushikana mpaka kinakuwa plaki ya amiloidi, yaani protini iliyonata na kuganda. Kwenye ubongo kuna seli za ulinzi zinazotakiwa kuzizingira hizo plaki na kuzisafisha, na hapo inflamesheni inaingia kwa sura mbili, ikiwa kidogo inasafisha, ikizidi inaua na seli nzuri za jirani. Mwaka 2013 watafiti wa Iceland na wengine wa Uingereza walionyesha kwamba watu wenye kasoro ya asidi amino moja, arginini kuwa histidini kwenye nafasi ya 47 ya protini inayoitwa TREM2, wana hatari ya Alzaima takribani mara 3. Na TREM2 iko kwenye zile seli za ulinzi. Yaani hapo una asidi amino, inflamesheni na plaki kwenye sentensi moja, na kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko ule wa homosisteini.

Maana homosisteini na ubongo ni hivi: utafiti wa Framingham wa 2002 ulikuta wazee wenye zaidi ya 14 wana hatari ya Alzaima karibu mara mbili, na Oxford mwaka 2010 waliwapa vitamini B wazee walioanza kusahau, ubongo wao ukasinyaa polepole zaidi kwa asilimia 30 hivi. Inatia moyo kweli. Lakini kusinyaa sio plaki, na hakuna aliyeonyesha kwamba vitamini hizo zinaondoa plaki.

Kuna amiloidi nyingine ambayo haiongelewi kabisa huku na ingetakiwa iongelewe kuliko hata Alzaima. Mtu akiwa na inflamesheni ya muda mrefu, kifua kikuu kisichotibiwa, ukoma, mfupa unaotoa usaha miaka na miaka, baridi yabisi iliyoachwa, ini linatoa protini inaitwa SAA ambayo kwenye maambukizi makali inaweza kupanda mpaka mara 1,000. Ikikaa juu kwa miaka, vipande vyake vinaganda kwenye figo. Mgonjwa anaanza kuona mkojo una povu lisiloisha, macho yanavimba asubuhi, miguu nayo inavimba, watu wanasema ni chumvi au karogwa, kumbe figo inavuja protini. Hii haitibiwi na virutubisho vya aina yoyote, inatibiwa kwa kuzima kile chanzo, kumaliza dozi ya TB, kusafisha mfupa, kuitibu baridi yabisi mapema. Ukiwa na povu la namna hiyo na una historia ya ugonjwa wa muda mrefu, kipimo cha mkojo cha kuchovya kipo mpaka kwenye zahanati nyingi, omba upimwe.

Habari mpya kabisa iko utumboni. Mwaka 2020 watafiti wa Cleveland walionyesha kwamba bakteria wakila fenilalanini wanatoa kitu ambacho ini likishakimalizia kinazifanya chembe za kugandisha damu ziwe na wepesi wa kugandisha. Na 2025 kundi la Madrid likaonyesha bakteria wakila histidini wanatoa imidazoli propionati, na panya waliopewa hiyo kitu walipata plaki kwenye mishipa bila kolesteroli yao kupanda, kwa sababu iliwasha seli za kinga, na walipozuia pale inaposhika, plaki zikazuilika. Kwa binadamu wameikuta juu kwa watu wenye dalili za mwanzo za plaki. Ni panya bado, lakini nimeifurahia sana hiyo kazi. Usiikimbie histidini sasa, mwili wako unaihitaji, tatizo ni nani anaila kule chini, na bakteria wazuri wanalishwa na nyuzinyuzi, kunde, dona, matunda, mbogamboga.

Kwa vijana wa gym na wazee wanaouziwa L-arginini ya kufungua mishipa: mwaka 2006 Baltimore waliijaribu kwa watu 153 waliotoka kupata shambulio la moyo, waliopewa arginini wakafa 6, waliopewa kidonge kitupu hakufa hata mmoja, jaribio likasimamishwa. Aliyewahi kuugua moyo asiiguse bila daktari wake kujua.

Sasa yule mwenye 18 afanye nini? Kwanza apime presha, sukari, kolesteroli na figo, aache sigara, maana hivyo vina dawa zilizothibitishwa na vingi vinapatikana hapahapa. Alafu amuulize daktari kuhusu B12, hasa kama ni mzee, kama hali kabisa vitu vya wanyama, kama anatumia omeprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, kila siku kwa miaka, au kama ana kisukari na yuko kwenye metifomini kwa muda mrefu, kwa sababu metifomini inapunguza B12 na watu wengi hawaambiwi. Miguu inaanza kufa ganzi na kuwaka moto, anaambiwa ni sukari, na inaweza kuwa sukari kweli, au ni B12, au vyote viwili. Na hapa kuna hatari moja ya kweli kwenye ile chupa ya vitamini: ukimpa mwenye upungufu wa B12 asidi foliki nyingi peke yake, damu inarudi vizuri, wekundu unarudi, kila mtu anafurahi, huku mishipa ya fahamu inaendelea kuharibika chinichini mpaka kufikia kutorudi tena. Kwahiyo B12 ipimwe kwanza au zitolewe kwa pamoja, na wanaotumia foliki kwa maelekezo ya kliniki, wajawazito na wenye selimundu, hao waendelee na dozi yao walivyoambiwa.